Siku ya Tatu, Kibokoni

Begi langu limechoka kunishinda.
Zipu iliachia Tanga, nikalifunga kwa kamba ya katani,
na hivyo ndivyo nilivyoingia Mombasa:
kama mtu aliyekumbatia kuku asiyetaka kuuzwa.

Fundi Mwadime wa Mwembe Tayari
aliligeuza, akalipapasa, akauliza,
uzi ungali mdomoni:
"Umetumwa na nani?"
Sikutumwa.
"Wamfuata nani?"
Simfuati mtu.
"Una msiba?"
Sina.
Akashona kimya hadi mwisho,
akanipunguzia shilingi hamsini, kwa huruma.

Miezi miwili njiani, peke yangu.
Nimelala Korogwe, Pangani, Lungalunga,
na daftari la matumizi halinifichi:
chai, mkate, vocha, chai.
Zimebaki siku tatu na noti nne.
Tiketi ya treni iko ndani ya soksi.

Siku ya kwanza nikavuka Likoni mara nne,
maana kwa miguu hulipi.
Wauguzi wa zamu, wauza mayai,
kijana amebeba kioo cha kabati
na ndani yake sisi sote, tumepinda.
Wenzangu walivuka waende mahali.
Mimi nilivuka nivuke.
Kisha ikapita meli ya makontena,
kivuko kikaisubiri,
nayo ndefu kama kilima cha kwetu Makete
kilichong'olewa na viazi vyake.

Siku ya pili, Mama Ngina, muhogo wa kukaanga,
ndimu na pilipili hadi masikioni.
Familia ikasogea, benchi likatutosha.
Mtoto akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi?"
Nikamwonyesha begi.
Akaliwekea kipande cha muhogo.

Usiku pangaboi linasaga joto lilelile.
Dirishani Kibokoni inaongea:
Mbarak kamaliza gesi, Thureya hataki kuolewa Malindi,
Mzee Faraji anatafuta miwani aliyoivaa.
Nawajua wote kwa majina.
Hakuna anayenijua.

Siku ya tatu, asubuhi, Bi Shekue mwenye nyumba
akaita kutoka chini: "Ndoo hapa, mgeni wa siku mbili."
Methali hakuimalizia.
Methali inataka jembe,
lakini Kibokoni utalima wapi?
Ngazi ni mawe, ua ni mawe, hata kivuli kina sakafu.
Akanisogezea mbuzi.
Si yule wa majani. Huyu wa mti,
mwenye jino moja tu, la chuma,
na nusu ya nazi akanitia mkononi.
"Kaa kitako. Wajua kukuna?"
Kwetu ni baridi na ngano. Sijui.
"Utajua."

Watoto wakaja kuona mwanamume kapanda mbuzi.
Nilikuna nyeupe, nikakuna na kifuu,
nikakuna na kidole gumba.
Tone moja jekundu likaanguka kwenye chicha.
Bi Shekue akalichota kwa ncha ya kisu, akalitupa,
akanikamulia ndimu jerahani, hakuomba ruhusa.
Nikapiga ukelele.

"Pole!" — dirisha la Thureya.
"Pole, we!" — la Mbarak.
Na juu kabisa, kikohozi, kisha: "Pole, nani huyo?"

"Mgeni wangu," akajibu Bi Shekue,
na papo hapo, bila kunitazama:
"Chumvi imekwisha. Enda dukani."

Nikaenda, kidole kimefungwa kitambaa cha leso kuukuu,
natembea haraka kama mtu mwenye shughuli.
Mwenye duka akafungua daftari la madeni,
akalamba kidole, akatafuta ukurasa.
"Umetumwa na nani?"

Nilichelewa kujibu.
Nilitaka aniulize tena.